Mwaka Tuliotafuta Karavani

Arobaini ya dada yangu Zuhura ilisomwa Morogoro mwezi uliopita. Nilikaa pale mkekani watu wakinipa pole, na kila mmoja akishamaliza pole yake na chai yake, ananisogelea na swali lile lile: "Hivi Mwaju, ni kweli dada yako alinunua nyumba ya magurudumu huko Afrika Kusini?" Nasema ni kweli. "Ya nini?" Hapo ndipo nilipokuwa nakwama. Si kwamba sijui. Najua, nilikuwepo, mimi ndiye niliyezungushwa naye kila Jumamosi mpaka visigino vikapasuka. Lakini nikianza kueleza naona macho ya watu yanapotea, na mimi mwenyewe napotea nao, naanza na mbuzi, nakumbuka kwamba kabla ya mbuzi kuna kiharusi, narudi nyuma, nasahau nilikuwa naelekea wapi. Shangazi mmoja alinisikiliza hadi mwisho halafu akasema, "Haya bwana, poleni sana," akaondoka na kikombe chake. Kwa hiyo nimerudi zangu Johannesburg, nimekaa chumbani kwangu hapa Bellevue, nimejichemshia chai ya tangawizi, na nitaieleza mara moja kwa utaratibu. Mwaka wenyewe haukuwa na utaratibu wowote, msinilaumu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne nilipoitwa nije kumsaidia dada. Mumewe, shemeji Vuyo, alikuwa amepata kiharusi. Shemeji alikuwa mwenyeji wa hapa hapa, mtoto wa Soweto, aliyeishi ukimbizini Tanzania ujana wake wote, akaoa kwetu Morogoro, na siasa zilipotulia akarudi kwao na mkewe. Watoto Mungu hakuwajalia. Nilipofika na begi langu sikumkuta Bellevue. Ndugu zake walikuwa wamemtoa hospitali wakampeleka kwa mama yake Soweto, na dada alikuwa anakwenda kila asubuhi kumwogesha na kumlisha, na kabla jua halijazama anarudi kulala Bellevue, kama mfanyakazi wa ndani anayelala kwake. Siku ile ile ya kwanza nikamuuliza, "Kwa nini usilale huko huko kwa mumeo?" Alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua. "Hawanitambui," akasema. Nikacheka nikidhani ni utani, maana mtu aliyeolewa kwa mahari, kwa sheikh, kwa pilau ya mtaa mzima, anakosaje kutambuliwa? Akanitazama mpaka nikaacha kucheka.

Basi hapa anaingia mbuzi. Walipotoka Tanzania, familia ya shemeji ilichinja mbuzi wa kumpokea dada. Kwao mke anaingizwa ukoo kwa kulishwa nyama ile mbele ya wazee, anakula, anapewa jina jipya, basi, amekuwa wa nyumbani. Dada aliletewa sahani. Akauliza kwa upole nani amechinja, akajibiwa ni baba mdogo wa shemeji, na baba mdogo hakuwa Mwislamu. Dada yangu hakutaka kumwaibisha mtu. Akafanya kama tulivyolelewa sisi wote kufanya unapoletewa chakula usichoweza kula: akaweka mkono kifuani, akatabasamu, akasema ahsante, nimeshiba. Kwetu hayo ni maneno ya adabu kabisa. Kule chumba kizima kikanyamaza. Mke anayesema ameshiba mbele ya nyama ile ameikataa nyumba na waliolala chini ya ardhi yake. Dada akafikiri wamenyamaza kwa sababu wameelewa. Wao wakafikiri ametabasamu kwa sababu anawadharau. Na shemeji, ambaye peke yake alijua pande zote mbili, alikuwa uani anakata kuni. Miaka ikapita wakitembeleana vizuri, wakipeana zawadi, na dada akidhani mambo yalikwisha. Hakujua kwamba hayajaisha hadi mume alipolala kitandani kwa mama mkwe, na mama mkwe akamwambia: mwanamke ambaye hajala nyama ya hapa, jua likizama asikutwe uani, na asilale ndani ya nyumba yoyote iliyojengwa juu ya ardhi hii. Kuchinja mbuzi mwingine haikuwezekana wakati mume mwenyewe ni mgonjwa. Wasubiri apone. Na kama hatapona? 

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kiharusi kilimchukua shemeji upande mmoja wa mwili, na kikamchukulia lugha. Kixhosa alichonyonya kwa mama yake kiliondoka. Kiingereza kiliondoka. Kikabaki Kiswahili tu, na hicho chenyewe vipande: maji, dirisha, bado, Zuhura. Daktari alisema hutokea. Mimi nilimwona mama mzee yule, mwembamba, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, ameketi kando ya kitanda cha mwanawe aliyemngoja miaka yote ya ukimbizi, amerudishiwa mtoto asiyeweza kumwambia neno hata moja akalielewa. Alikuwa anamtazama mdomoni. Nilitamani kumchukia kwa ajili ya dada yangu na sikuweza kumchukia vizuri.

Siku moja tulikuwa jikoni kwao, wifi yake dada, Nomvula, anamimina chai, mama mzee anamenya boga. Wifi alikuwa mtu mwema asiyejua kunyamaza. Akasema kwa Kiingereza, nikamwelewa hata mimi: "Mchana anatulia kwa sababu upo. Jioni ndiyo shida. Tukishawasha taa tu, anaanza. Anaita, anangoja. Anaita tena, anangoja. Mpaka usingizi umchukue." Dada akaweka kikombe chini. "Anamwita nani? Anasemaje?" Wifi akafungua mdomo, na mama mzee akapiga kisu mezani. Akasema maneno mengi kwa haraka, na dada akawa ananitafsiria pembeni huku midomo inamkauka: maneno ya jioni hayatolewi chumbani. Jioni anaongea na baba zake waliokufa, wamekuja kumchukua, na anayeyarudia maneno yale kwa mdomo wake anawaita waje upesi. Yeye mama anakaa pale kila jioni akiwaomba wamwachie. Dada akauliza, "Na kama si wao? Kama anataka kitu? Anasema Kiswahili, mama, wewe hukijui!" Mama mzee akarudi kwenye boga lake. Dada akaomba aletewe basi hata mwanamume mmoja anayejua Kiswahili akae naye jioni moja tu. Mama mzee akasema hapana, mtu baki huja na nyayo za kote alikopita, misiba na mengine, na mgonjwa hazistahimili. Akamwomba wifi kwa siri ampigie simu jioni na kuiacha wazi kitandani ili asikie. Wifi akasema, "Mama akinikuta?" Tukarudi Bellevue. Tulipofika dada alikaa kitandani na baibui lake mwilini, akaniambia, "Mume wangu anaita kila jioni na hakuna anayejua anachotaka. Mwaju, lazima nimsikie. Hata akitaka kufa, nisikie." Akalia. Nikalia na mimi, ingawa kusema kweli nilikuwa bado nahangaika na habari ya mbuzi.

Nyumba yetu ya Bellevue ilikuwa ya kizamani, dari refu, vyumba vimegawanywa kwa mbao nyembamba mpaka sebule moja ikawa makazi ya familia tatu. Nyuma ya ubao wetu aliishi Mama Espérance, msusi kutoka Bukavu, na mumewe Papa Jérémie, fundi cherehani mwenye pikapu ya zamani, hizi watu wa hapa wanaita bakkie. Hakukuwa na siri. Mama Espérance akikaanga sombe, kisamvu cha kwao, na mawese tunajua, akisali kwa Kifaransa tunajua, na sisi tukilia anajua. Alikuja na sahani ya sombe na ugali akaketi nasi bila kuuliza chochote. Siku iliyofuata dada alinipeleka Fordsburg kununua nyama, maana nyama alinunua huko huko kwa Waislamu wenzake, na pale kando ya barabara, kabla ya robot, yaani taa za barabarani, bwana mmoja alikuwa anauza sambusa ndani ya karavani. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kile. Chumba kamili, kina dirisha na pazia, kimekaa juu ya magurudumu mawili. Dada alisimama. Akamuuliza yule bwana, "Samahani, hii imejengwa?" Bwana akamtazama juu mpaka chini. "Imejengwa wapi, mama? Si unaona magurudumu?" Dada yangu akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Alicheka hadi akashika ukuta, tukaondoka nyama tumeisahau, tukarudi kuifuata.

Kesho yake alikwenda kwa mama mkwe akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: ulisema nyumba iliyojengwa juu ya ardhi hii, je, kitu chenye magurudumu? Wifi aliniambia baadaye kwamba mama mzee alimkagua dada usoni kwanza. Halafu akasema kitu chenye magurudumu hakijajengwa, na yeye hana neno nacho. Alitaka nini mama yule kusema vile? Alimchoka dada? Alimfungulia upenyo kwa makusudi? Nimezeeka nalo swali hilo. Dada hakuuliza zaidi. Alirudi Bellevue, akauza bangili zake za dhahabu, akagonga ubao na kumwambia Papa Jérémie anatafuta karavani iliyotumika, na kumuuliza kama pikapu yake ina ndoano ya kuvutia.

Ilikuwa nayo. Basi tukaanza. Papa Jérémie alisoma matangazo gazetini, anazungushia kalamu, na Jumamosi tunapakiwa, dada mbele na mimi katikati magoti yamegusana na gia. Papa Jérémie alikuwa na imani kwamba dada anafungua mgahawa. Mama Espérance alikuwa na imani yake. "Zuhura, minakwambia kweli," alisema kupitia ubao, "ile kitu ni ya saluni. Unaweka kioo huku, kiti kule, bamama wanakuya. Tutafanya pamoja." Dada alishawaeleza wote wawili kwamba ni ya kulala Soweto, na wote walitikisa kichwa kwa heshima na kuendelea na imani zao. Nani anunue karavani akalale Soweto wakati ana chumba Bellevue? Mimi mwenyewe, niliyejua kila kitu, zilikuwepo siku nilijikuta najadili na Mama Espérance rangi ya vioo vya saluni.

Ya kwanza kabisa ilikuwa upande wa magharibi, kwa mzee wa Kizungu mwenye kaptula na soksi ndefu, na mkewe. Karavani yao ilikuwa safi kupita nyumba nyingi nilizoishi. Mapazia ya maua, jiko dogo la gesi, vikombe vimening'inizwa kwa mstari. Yule mama alituletea chai na biskuti ngumu za kuchovya, akatuonyesha picha za bahari walikokwenda nayo watoto wakiwa wadogo, na kila akifungua kabati anagusa kitu kidogo na kukirudisha. Mzee akamwonyesha Papa Jérémie matairi, sakafu, namna ya kuangalia kama paa linavuja: unabonyeza ukuta kwenye pembe kwa kidole, ukiona unabonyea, kimbia. Papa Jérémie akabonyeza pembe zote, akaridhika kabisa. Dada hakubonyeza kitu. Alivua viatu, akapanda kitandani, akajilaza chali na baibui lake, akafumba macho. Mzee na mkewe wakatazamana. "Mwaju," dada akasema, "toka nje. Nenda kasimame pale kwenye ukuta wa nyumba yao. Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Kwa sauti ya mgonjwa."

Jamani! Nilikwenda nikasimama kwenye ukuta wa watu, mbwa wao ananinusa, na kwa kuwa akili iliniruka nikaanza kutaja vitu vya sokoni kwa kukoroma: nyanya, vitunguu, bamia, nazi. Mzee alikuja akasimama mbele yangu. Aliniuliza jambo kwa Kiingereza chake, nikashindwa kumjibu, nikasema tena bamia. Dada akatoka. "Umesema?" Nimesema. "Sijasikia hata moja." Mzee alipotafsiriwa alifurahi mno, akapiga ukuta wa karavani kwa kiganja: ndivyo ilivyo, kuta zake zimejazwa vizuri, ukiwa ndani husikii upepo, husikii magari, walilala kando ya barabara kuu kama watoto. Dada akaweka mkono kifuani, akashukuru, akasema hapana. Yule mama akamvuta Papa Jérémie pembeni kumuuliza kama dada ni mzima. Tukaondoka wamesimama getini na trei yao ya chai, na Papa Jérémie akaendesha hadi robot ya tatu ndipo akapata sauti. "Madamu. Ile ilikuwa nzuri. Nzuri kabisa. Unatafuta nini?"

"Ninatafuta ambayo nitasikia," dada akasema.

Mengine yakafuata hivyo hivyo. Kwenye uwanja mmoja zilipangwa nyingi, kijana muuzaji akatufuata na kalamu sikioni akidhani tunataka ya biashara, anatuonyesha pa kutoboa dirisha la kuuzia, huku dada kajilaza na mimi nimesimama nje nalalamika bei ya nyanya kwa sauti ya mtu anayekata roho. Wateja wengine wakaanza kuhama upande wetu. Kuna iliyokuwa nzuri lakini kitanda kilikuwa mwisho mbali na dirisha. Kuna iliyonukia panya. Kuna bwana mmoja aliyekataa tusiingie kwanza hadi tuseme ni ya nini, dada akamweleza yote, kiharusi na mama mkwe na jioni, bwana akasikiliza, akavua kofia, akasema, "Eish," na akakataa kutuuzia kwa sababu karavani yake ilivuja na hakutaka mgonjwa apate baridi. Dada akamwambia mgonjwa hatalala humo. Bwana hakuelewa. Nilimhurumia, nilikuwa chama chake. Na katikati ya wiki, kila asubuhi Soweto, wifi akisema kwa chinichini: jana tena. Ameita tena. Na sauti inapungua. Mama mzee alikuwa ameanza kukataza hata mazoezi ya mkono yale ya kliniki, kwa kuwa mtu anayeagana na baba zake hasumbuliwi. Dada aliyasikia hayo na kuosha mikono ya mumewe kidole kwa kidole, na shemeji akamtazama, akasema, "Bado." Bado nini, hakusema.

Nilimkasirikia dada, naomba niseme hivyo pia. Nilikuwa kijana, nimekuja mji mkubwa, nilitaka kwenda Newtown kusikiliza muziki na kina dada wa rika langu, na kila Jumamosi nimesimama kwenye ukuta wa mtu nataja mboga. Tukiwa njiani kurudi siku moja nikamwambia, "Kwa nini usiwaambie tu utamla mbuzi wao, labda wachinje hata kabla shemeji hajapona, yakaisha? Mungu anajua moyo wako." Hakugombana. Alisema, "Nilishajiuliza hilo mara nyingi kuliko wewe. Nikila leo nitakuwa nimekula ili nipite mlangoni, na yule mama ataona. Ana macho." Halafu akasema, "Na sitaki kuingia kwa uongo mahali mume wangu anapoumwa." Sasa, miaka yote hii, sijui kama alikuwa sahihi au alikuwa mkaidi. Alikuwa vyote, nadhani. Kule arobaini sheikh alimsifu kwa msimamo wake wa dini, nikatikisa kichwa kama wengine, na rohoni nikasema, mwenzangu, hukumwona kajilaza kwenye kitanda cha mzee wa soksi ndefu.

Tuliyoinunua tuliikuta upande wa Springs, nyuma ya gereji, kwa mwanamke mjane aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Ilikuwa aibu tupu. Dirisha moja halina kioo, limezibwa kwa ubao. Paa lina kiraka. Papa Jérémie akabonyeza pembe na kidole kikazama, akapanda ndani na mara tukasikia anaita, "Madamu! Angalia! Mguu yangu inaingia chini!" Kuta zilikuwa bati na karatasi. Dada akajilaza. Mimi nikaenda ukutani, nimechoka, sikuigiza hata ugonjwa, nikasema kwa sauti yangu ya chini kabisa: nyanya, vitunguu, bamia. Kutoka ndani ya lile bati sauti ya dada ikanijibu, wazi, kana kwamba tuko meza moja: "Bamia za nini kila siku? Hujui kwamba nazichukia?" Akatoka uso unang'aa. Papa Jérémie alikuwa anaomba Mungu ampe subira kwa lugha mbili. Alisema hata mbuzi hawezi kulala mle, na mimi nikamwambia tafadhali, Papa Jérémie, mbuzi tumuache.

Tuliikalisha nyuma ya nyumba Bellevue wiki nzima. Papa Jérémie, pamoja na hasira zake, alipigilia ubao mpya sakafuni. Mama Espérance alisugua kuta kwa sabuni na kuiombea kwa nguvu zote, akiifukuzia pepo wa Springs, na alipomaliza dada akaingia akaisomea dua zake, ikawa imeombewa kila upande. Mama Espérance ndiye aliyeshona na mumewe mapazia. Hapo ndipo nilipomsikia nyuma ya ubao akimwambia mumewe polepole, "Papa, ile mama anaenda kweli kulala kule. Haiko saluni." Na Papa Jérémie akajibu, "Mi nilijua." Hakujua.

Jumamosi ya kuipeleka Soweto ilikuwa ya baridi na jua kali. Tulifika alasiri. Nusu ya mtaa ikatoka kutazama, maana ilikuwa inalia kama sufuria tupu kila ikipita tuta. Papa Jérémie akarudi nyuma, akalenga geti, akasimama. Akashuka. Akapima kwa mikono yake iliyonyooshwa, geti, karavani, geti tena. Haikupita. Jamani, haikupita! Tulipima kitanda, tulipima dirisha, nilitaja mboga mkoa mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupima geti lile tulilolipita kila siku. Majirani wakacheka hadi wakaketi chini, kila mmoja anatoa ushauri, mwingine anashauri kunyanyua, mwingine kukata. Dada alisimama katikati ya barabara mikono imening'inia.  Halafu akamwonyesha Papa Jérémie mahali: nje ya ukuta, barabarani, chini ya dirisha la chumba cha mumewe. Iwekwe pale. Mama mzee alikuwa mlangoni na shali lake, ametazama yote bila kusema. Akamtuma wifi na ndoo ya maji yenye majivu aoshe magurudumu, nyayo za kote yalikopita. Kisha akaingia ndani, na jua lilikuwa linateremka.

Tukaingia watatu, tukakaa kwenye kitanda cha karavani, dada katikati. Papa Jérémie alitazama kupitia pazia, akatazama dirisha la shemeji pale pale juu yetu, akafikiri, akasema taratibu, "Madamu. Basi siku zote hizi ungekaa ndani ya bakkie yangu hapa barabarani ungemsikia." Nilitamani kumpiga, kwa sababu alisema kweli na mimi nilikuwa nimeliona hilo dakika ile ile. Dada hakukasirika. "Mimi ni mke wa mtu," akasema. "Sisimami barabarani kumsikiliza mume wangu kama mwizi. Nimekuja na kitanda changu." Papa Jérémie akashuka kwenda kukaa kwenye bakkie yake, na dada akavua baibui, akalitundika kwenye msumari.

Taa ya chumbani ikawashwa. Tukasikia kiti cha mama mzee kikiburutwa. Tukasikia kikohozi. Halafu sauti ya shemeji yangu, nzito, imelala upande mmoja wa mdomo, lakini ikapita kwenye lile bati bila kupotea hata kidogo.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

 Dada alikuwa ameshika goti langu, anaminya.

"Hodi wenyewe."

"Anapiga hodi," dada akasema. "Mwaju, anapiga hodi!" Alisimama akagonga kichwa kwenye paa, akafungua pazia, akapaza sauti yake yote kuelekea dirishani: "Karibu! Karibu baba, pita ndani! Pita!" Ndani kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Mbwa wa mtaa mzima wakabweka.

Mama mzee alitoka haraka kuliko nilivyodhani anaweza kutembea, wifi nyuma yake. Alifika getini. Aliuliza, na wifi akatuuliza: umemjibu nani? Unajua unayemjibu? Dada alikuwa ameshashuka barabarani, kichwa wazi, miguu bila viatu. Akasema Kixhosa chake chote, na kilipoisha akasema Kiingereza, na wifi akawa anaokota na kuunganisha. Kwetu, alisema, mtu akifika nyumba ya watu haingii. Anasimama nje anaita neno lile. Walio ndani wasipomjibu, haingii, anabaki pale pale. Haongei na wafu, mama. Anadhani yuko nje ya mlango wako. Amefika, amesimama nje, anaomba aingie, na tangu mumlete hapa hakuna aliyemjibu.

Wifi alitafsiri hadi katikati akaziba mdomo. Mama mzee akauliza neno fupi, nikalielewa bila tafsiri. Nje? Dada akajibu, nje. Mama yule akashika vyuma vya geti kwa mikono miwili. Alisema kitu kwa sauti ndogo, na wifi ndiye aliyenipa baadaye: "Nimekaa kando yake kila jioni nawaomba wasimchukue. Kumbe alikuwa ananiomba mimi nimfungulie."

Kutoka dirishani ikaja tena, dhaifu, ya adabu, ya mtu asiyetaka kusumbua: "Hodi."

Mama mzee akageuka. Akajaribu. Alilitamka neno la dada vibaya, akalitamka tena, akapaza sauti, kitambaa kimemdondokea shingoni. Ndani hakukujibiwa kitu. Shemeji akangoja kidogo, akaita tena, maana karibu hutoka ndani, na sisi sote tulikuwa nje. Ndipo yule mama alipolifungua geti mpaka mwisho wake, akanyoosha mkono, akamkamata dada yangu kifundo cha mkono. "Ngena," akasema. Ingia. "Ngena, makoti." Ingia, mke wetu. Hakutaja mbuzi, hakutaja jua.

Na dada yangu, aliyeuza dhahabu yake na kuzunguka Johannesburg nzima kwa ajili ya mlango ule, akasimama palepale. Alitazama miguu yake mitupu, akatazama karavani, akanitazama mimi kama mtu aliyeamshwa chumba asichokijua. "Niingie?" akaniuliza kwa Kiswahili. Nilikuwa sijui desturi ya mtu yeyote pale, sijui nani anaruhusiwa nini. Nilimwekea mikono miwili mgongoni nikamsukuma.

Akaingia.